LS400 ya 1993: paneli ya AC inagoma asubuhi, inaamka gari likipata joto

mtoto_wa_ruwi (Maskati)

Assalaam aleikum jamaa.

Nina Lexus LS400 ya 1993, ile V8 ya lita 4.0, usukani kushoto. Ilikuwa ya ami yangu. Imetembea sana lakini injini bado ukisimama taa nyekundu unadhani imezima. Shida yangu ni AC.

Ilianza Januari, zile asubuhi za ubaridi. Nikiwasha gari paneli ya AC inatoa mwanga hafifu, namba za joto hazionekani, vitufe navibonyeza haviitiki. Nikishaendesha kitambo, paneli inaamka yenyewe na kila kitu kinakwenda sawa. Sikujali, maana Januari hapa AC ya nini.

Sasa joto limeingia na maradhi yamekua. Feni inapiga kwa nguvu zote, halafu inashuka mpaka karibu kuzima, na hapana mtu aliyegusa kitu. Kompresa naisikia ta, ta, ta, inashika na kuachia. Tena kwenye kona ya kioo cha namba kuna weusi, kila mwezi unasogea kidogo.

Nilipeleka gereji moja. Wakapima gesi, wakasema gesi ipo, basi kompresa ndiyo imekufa: nibadilishe kompresa, drayeri na valvu. Bei waliyonitajia nikaona bora niwaachie gari lenyewe. Mimi nimesikia magari ya miaka ile kapasita zake, vile vikopo vidogo vya kutuliza umeme kwenye bodi, huvuja. Pasi ya kuchomea naijua, amplifaya za harusini nimezitengeneza nyingi tu, lakini bodi ya gari sijapata kuifungua. Nianzie wapi? Na huo weusi wa kioo nao ni kapasita?

bin_spea (Sharjah)

Wa aleikum salaam. Sheikh, usijitie tabu. Njoo huku Industrial, magari ya aina hiyo yamelala uani mengi. Unachukua paneli ya mtumba, unachomeka, unaondoka. Kukaa na pasi na miwani usiku kucha kwa ajili ya kitu cha mtumba, mimi siwezi.

fundi_redio (Tanga)

Wa aleikum salaam, bwana wa Ruwi.

Mimi nimeanzia kwenye redio za National na TV za chogo, magari yalinifuata baadaye. Kwa hiyo nitakujibu upande wa bodi. Gesi na mabomba kuna wenyewe.

Umeandika neno ambalo gereji yako ingeuliza ingekuokolea pesa: asubuhi inagoma, ikipata joto inaamka. Kapasita hizi za kopo zina majimaji ndani. Yakipungua, ukinzani wa ndani unapanda, na baridi huupandisha zaidi. Paneli ikipata joto ukinzani unashuka kidogo, kapasita inajikongoja, chipu inapata umeme wa kuitosha. Kifaa kinachoumwa kapasita hulala asubuhi na kuamka baadaye. Ukiniletea kinyume chake, kinachofanya kazi vizuri kikiwa baridi halafu kinazima kikichemka, hapo nitatafuta kwanza risasi ya kuchomea iliyopata ufa kwenye kiungo au transista iliyochoka. Haikosi kunidanganya mara moja moja, lakini ndiyo swali langu la kwanza kwa kila mteja, kabla sijashika bisibisi.

Sasa hiyo ta, ta, ta. Umeme wa gari una vurugu: betri 12, altaneta inausukuma mpaka 14 na kitu, na juu yake kuna kelele za plagi, feni na mota za vioo. Ndani ya bodi kuna regyuleta inayoushusha kuwa volti 5 za kulisha chipu. Kapasita hapo ni simtanki juu ya paa: maji ya mji yakija kwa kukatika, bomba la jikoni halina habari. Simtanki likikauka, chipu inapata 5, mara 4, mara inajizima na kujiwasha. Kila ikijiwasha inaanza hesabu upya, inaiamrisha feni upya, inaiamrisha klachi ya kompresa, ile sumaku inayoishikisha na kuiachia, upya. Kompresa yako huenda inatii amri tu.

Usiniamini mimi, pima. Chomoa plagi ya waya unaokwenda kwenye klachi ya kompresa, weka multimita upande wa gari, mtu awashe injini na AC. Volti 12 zikija na kuondoka kwa mdundo ule ule, amri ndiyo inayoyumba. Kisha zima injini, peleka 12 za betri moja kwa moja kwenye klachi kwa sekunde moja. Ikipiga tak moja safi, koili yake ni nzima. Kweli, gesi ikiwa pungufu nayo huifanya kompresa ishike na kuachia, kupitia swichi ya presha au sensa ya evaporeta, ile rejeta ndogo ya ubaridi ndani ya dashibodi. Wao wamesema gesi ipo, tuwaamini kwa hilo. Lakini upungufu wa gesi hauzimi namba kwenye kioo.

Pia gari lako lina njia ya kujieleza. Bonyeza AUTO pamoja na kile kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, vishikilie vyote viwili, huku unafungua swichi ya gari. Taa za paneli zitapepesa mara nne, halafu zitakuja namba. 00 ni salama. 11 ni sensa ya joto la ndani, 12 ya nje, 13 ya evaporeta, 14 ya maji ya injini, 21 ya jua pale juu ya dashibodi, 22 ni kompresa kukwama, 31 na kuendelea ni milango ya hewa. Fanya hivyo paneli ikiwa imeamka. Ikiwa imelala utaambiwa uongo.

Bin Spea, nakuheshimu, ila hiyo paneli ya uani ina umri ule ule na kapasita zile zile. Kwa hesabu ya mafundi, kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka hupunguza maisha ya kapasita kwa nusu. Gari lililokaa uani Sharjah vioo vimefungwa, ndani yake pakoje? Huenda ikafanya kazi mwezi, huenda mwaka. Ukiipata ichukue, nitakwambia ya nini.

Bwana, weusi wa kona si kapasita. Ule ni ugonjwa wa kioo chenyewe cha LCD: gundi ya pembeni imechoka na umajimaji wa ndani umeharibika. Utabadilisha kapasita zote na weusi utabaki pale pale. Dawa yake ni kioo kingine, na hapo ndipo paneli ya mtumba ya Bin Spea inapokuwa na faida. Kioo chake kwa bodi yako.

Kuhusu kufungua. Toa waya hasi wa betri, subiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa kitu karibu na dashibodi, kwa sababu ya mkoba wa hewa. Mbao za urembo zinazozunguka giya zimezeeka. Tumia plastiki kubetua, bisibisi itakuachia alama utakayoiangalia miaka yote. Kisha fuata waya ujue bodi iko wapi. Magari mengine bodi ya akili iko nyuma ya vitufe, mengine bodi hiyo, wanaiita amplifaya ya AC, iko kwenye boksi lake peke yake chini ya dashibodi. Wapo wanaobadilisha kapasita za upande mmoja na kumbe mgonjwa yuko upande wa pili.

Ukishaiona bodi, usitafute kopo lililovimba kichwa. Hilo ndilo linalowapoteza watu waliozoea kompyuta za miaka ya 2000, ambazo kapasita zilivimba juu na kupasuka. Hizi zako ni za ukoo mwingine. Mwishoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilianza kutengeneza vikopo vidogo vya kulazwa juu ya bodi bila kutoboa matundu, na humo vikatia majimaji mapya yenye chumvi za amonia, yaliyosifiwa kwa ukinzani mdogo. Kumbe upande wa mguu hasi majimaji yale hula mpira wa kuziba. Yakatoka polepole kwa chini. Si tatizo la Lexus tu: kompyuta za Macintosh SE/30, michezo ya mkononi ya Sega Game Gear, kamera za video za wakati huo, zote zimeugua hivyo hivyo. Kichwa cha kopo kiko bapa na kinang'aa, wakati chini yake bodi inaoza.

Kwa hiyo angalia miguuni. Risasi iliyokuwa inang'aa imekuwa ya kijivu, rangi ya kijani ya bodi imekuwa ya kahawia, au kuna unyevu usiokauka. Ukigusa na pasi utasikia harufu ya samaki aliyelala. Ukiisikia harufu hiyo fungua dirisha, na ujue umempata.

Thamani za kapasita usizitafute kwenye orodha ya mtu, maana bodi zilibadilika mwaka hadi mwaka. Soma kopo lenyewe. 47 na chini yake 16V maana yake maikrofaradi 47, volti 16. Andika kila moja na mahali pake, piga picha ya kila upande kabla hujagusa kitu. Nusu mwezi mweusi juu ya kopo ni upande hasi. Faradi weka zile zile. Volti unaweza kupanda, na kwenye njia inayotoka moja kwa moja kwenye betri mimi huwa napanda kutoka 16 hadi 25 au 35 kama nafasi inaruhusu, kwa sababu 16 kwenye umeme unaofika 14 na kitu ni kubana mno. Chukua zilizoandikwa nyuzi 105, si 85. Nichicon, Rubycon, Panasonic, Chemi-Con, ukizipata kwa muuzaji anayeaminika. Kwenye maduka yetu bandia zipo nyingi. Nimewahi kuchana kopo kubwa nikakuta kopo dogo ndani yake.

Kutoa zile kuukuu ndiko kunakoharibu bodi za watu. Wengi wanashika kopo kwa koleo na kulisokota mpaka ling'oke. Kwenye bodi safi linatoka. Kwenye bodi iliyoliwa unang'oa na shaba yake. Mimi nakata kopo kwa plaizi ya kukatia, juu kidogo ya kile kitako cha plastiki, natoa vipande, navunja kitako taratibu, zinabaki nyuzi mbili fupi. Halafu natia flaksi, ile dawa ya kusaidia risasi kuyeyuka na kushika, na risasi mpya juu ya ile iliyooza, kwa sababu ile kuukuu haiyeyuki hata uikazie pasi. Ikishachanganyika na mpya, mguu unatoka wenyewe.

Baada ya hapo, osha. Kubandika kapasita mpya juu ya majimaji ya zamani ni kazi ya mwaka mmoja. Majimaji hayo yana asili ya alikali, kwa hiyo napaka siki nyeupe iliyochanganywa na maji kwa kijiti cha pamba, pale penye uchafu tu. Usimwagie kwenye vitufe wala karibu na kioo. Kisha maji ya betri, namaanisha yale masafi ya kuongezea, si asidi! Kisha spiriti safi, kisha acha ikauke kabisa.

Ukikwama weka picha hapa.

kijana_luthuli (Nairobi)

Mzee, heshima. Swali mbili. Kwa nini asiweke tantalum zote, hizo kapasita kavu hazina majimaji, amalize hii maneno ya kuvuja milele? Na blowa ya hewa moto ya kutengeneza simu inatoa hizo vikopo haraka kabisa, mbona kukatakata na plaizi?

fundi_redio (Tanga)

Kijana, maswali ya mtu anayefanya kazi hayo.

Tantalum kwenye njia ya volti 5, sawa, mradi volti zake ziwe mara mbili ya umeme uliopo. Kwenye njia ya betri mimi sitii. Gari likiruka umeme ghafla, kwa mfano waya wa betri umelegea injini ikiwa inazunguka, tantalum ikifa inafia kwenye shoti, na shoti yake huwaka moto. Nyuma ya dashibodi sitaki moto. Tena kuna mtego: kwenye kopo la kawaida alama ni ya upande hasi, kwenye tantalum mstari ni wa upande chanya. Wamechoma wengi kwa hilo. Na wanaotia zile za kauri nao waangalie, regyuleta nyingi za zamani zilitengenezwa zikitegemea kapasita yenye ukinzani kidogo. Ukiiwekea ya kauri inaanza kutetemeka, ukaishia na ugonjwa mpya usio na jina.

Blowa kwenye simu ni nzuri. Hapa majimaji yaliyobaki ndani ya kopo yanachemka na kopo linaruka usoni. Pembeni kuna soketi za plastiki za 1993 na kioo cha LCD. Ukishavilainisha hivyo umemnunulia mteja paneli.

mtoto_wa_ruwi (Maskati)

Fundi, Mungu akulipe. Nimepima klachi kabla ya kufungua kitu: volti zinakuja na kuondoka na mdundo ule ule. Nikampigia simu yule wa gereji nikamwambia kompresa sibadilishi. Akasema nitarudi.

Nimefungua. Vikopo viko kwenye bodi ya nyuma ya vitufe. Juu vyote vipya kabisa, ungesema vimetoka kiwandani jana. Chini ya vitatu vilivyokaribiana karibu na soketi ya umeme, bodi imekuwa kahawia. Nilipogusa cha kwanza na pasi, mke wangu akauliza kutoka sebuleni nani kaleta ng'onda.

Sasa shida. Kimoja kimetoka na shaba yake ya upande hasi, ingawa nilikata ulivyosema. Ile shaba ilikuwa imeshaliwa, imebaki poda. Na kuna njia moja nyembamba inayotoka pale kwenda kwenye tundu dogo, imegeuka kijani na nyeusi. Nimeharibu?

fundi_redio (Tanga)

Hujaharibu, ilikuwa imeshakufa ikisubiri mtu wa kuigusa.

Upande hasi mara nyingi ndio rahisi, kwa sababu unakwenda kwenye ardhi ya bodi, yaani njia ya pamoja ya hasi, na ardhi iko kila mahali. Tafuta shaba pana iliyo karibu, hakikisha kwa multimita kwamba inaungana na hasi ya soketi ya umeme. Kwangua rangi ya kijani kwa ncha ya kisu mpaka shaba ing'ae, paka flaksi na risasi kidogo, kisha peleka mguu wa kapasita au kipande cha waya hapo. Kopo lishikilie kwa tone la gundi ili lisining'inie kwenye waya, gari linatikisika.

Ile njia ya kijani usiiamini hata kama multimita inalia. Leo inapitisha, kesho haipo. Fuata inakokwenda. Hayo matundu madogo ndiyo hatari kuliko yote: majimaji hushuka ndani yake na kula ukuta wa shaba unaounganisha upande wa juu na wa chini, na kwa macho huoni kitu. Pima kuanzia mguu wa kapasita mpaka mguu wa kifaa kinachofuata upande wa pili, usipime kuanzia tundu. Ikikatika au ikiyumba, chukua uzi mwembamba wa shaba wenye vanishi, ule wa mota ndogo au transfoma, chubua ncha mbili, ruka moja kwa moja kutoka mguu hadi mguu. Haipendezi kwa macho. Inafanya kazi.

Na hivyo vikopo ambavyo chini yake ni pasafi, toa pia. Najua unataka kuviacha, kila mtu anataka kuviacha. Vimezaliwa siku moja na hivyo vitatu.

Kitu kingine. Ukiwa na multimita inayopima kapasita, pima zile ulizotoa. Usishangae nyingine zikisoma karibu na thamani yake. Maikrofaradi zinaweza kuwepo huku ukinzani wa ndani umepaa, na multimita ya kawaida haiuoni. Ndiyo maana wengi hupima, wakasema nzima, wakarudisha.

bin_spea (Sharjah)

Mimi nimekaa kimya nasoma. Fundi, hizi kazi mnatoza shilingi ngapi huko Tanga? Maana kwa maelezo haya mimi nisingetengeneza hata kwa Lexus mpya.

fundi_redio (Tanga)

Kopo lenyewe ni bei ya chai. Ninachotoza ni macho.

mtoto_wa_ruwi (Maskati)

Jamaa, imewaka!

Nilizibadilisha zote. Mbili za njia ya betri nimeweka za volti 35, moja haikutosha ikabidi niilaze ubavu na gundi. Ile njia ya kijani niliruka kwa uzi wa transfoma. Na lile tundu, fundi, ulisema kweli: kwa juu lilikuwa linang'aa, lakini kutoka mguu hadi mguu multimita ilikuwa inasoma, inapotea, inasoma. Nikaruka na hilo pia.

Asubuhi ya leo nilikuwa na wasiwasi nikaingia garini kabla ya alfajiri. Namba zimetokea papo hapo. Feni imetulia. Kompresa imeshika mara moja ikakaa. Mwanga wa vitufe nilikuwa nimeshasahau kwamba ni wa nguvu hivi.

Lakini nimefanya ule mchezo wa AUTO na kitufe cha kuzungusha hewa, taa zikapepesa mara nne, halafu ikaja 21. Nimerudia, 21 tena. Sensa ya jua. Je, nimeigusa wakati wa kufungua? Au ndiyo bodi bado?

kijana_luthuli (Nairobi)

Gari umeegesha wapi ukipima?

mtoto_wa_ruwi (Maskati)

Chini ya jengo, paking ya ndani. Kwa nini?

fundi_redio (Tanga)

Kijana ameshakujibu kwa swali. Sensa ya jua ikiwa gizani haitoi kitu, na paneli inasoma hilo kuwa waya umekatika. Inatoa 21 hata kwa gari jipya. Toa gari nje, jua liipige ile duara ndogo juu ya dashibodi, kisha rudia. Kukiwa na mawingu mulika kwa taa kali ya balbu ya kizamani. Zile za LED mara nyingi haioni mwanga wake.

mtoto_wa_ruwi (Maskati)

Nimetoa nje, jua la saa nne. 00.

fundi_redio (Tanga)

Basi kazi ya paneli hiyo imekwisha. Mwachie gereji asubiri.

Nina moja la kukuonya, kwa sababu najua mtu akishaonja hivi hakai. Mishale ya spidi na mafuta kwenye gari lako inawaka yenyewe, kila mshale una kijitaa chembamba cha gesi ndani. Hicho kinalishwa umeme mkubwa, mamia ya volti, kutoka kwenye kibodi kilicho nyuma ya saa za dashibodi. Kibodi hicho nacho kina kapasita za umri ule ule, na siku moja utaona mshale mmoja umefifia au umezima wakati wa usiku. Kazi yake ni hii hii uliyoifanya, isipokuwa pale huwashi huku mkono uko ndani. Betri hasi itoke, usubiri, ndipo ufungue. Na mishale yenyewe usiishike, waya zake ni nyembamba kuliko nywele na hakuna wa kuzirudisha.

Kioo cha namba hakina haraka. Ukipata paneli ya mtumba, angalia kwanza kioo kimeungwa vipi na bodi. Kama ni miguu iliyochomewa, nyonya risasi mguu mmoja mmoja, usivute. Kama ni kipande cha mpira chenye mistari, usikiguse kwa vidole vyenye mafuta, ukirudishe kama ulivyokikuta.

bin_spea (Sharjah)

Niko uani sasa hivi. Ipo ya 1994, kioo chake safi, hakina weusi hata chembe. Hawauzi kioo peke yake, wanataka paneli nzima. Nichukue?

mtoto_wa_ruwi (Maskati)

Uliza kwanza ukubwa wa kioo na umbo la vitufe ni sawa na yangu, nakutumia picha. Kama ni sawa, chukua. Kuna mtu wetu anakuja kwa gari Alhamisi, mpe yeye.

bin_spea (Sharjah)

Ni sawa. Nimechukua. Fundi, bodi chini ya vikopo vyake nimeiangalia: imekuwa kahawia.